Maswali ya Wasomaji: Diploma ya IB, kabla shule haijafungua milango

Barua za mwezi huu zinahusu jambo moja: Diploma ya International Baccalaureate, ambayo wengi huiita IB tu. Neno «diploma» limewachanganya wasomaji kadhaa, basi tuanze hapo. Usiilinganishe na stashahada ya chuo. Ni masomo ya miaka miwili kabla ya chuo kikuu, kwa vijana wa miaka 16 hadi 19, pale ambapo Tanzania wangekuwa kidato cha tano na cha sita. Taasisi inayoiendesha ilianzishwa Geneva, Uswisi, mwaka 1968. Huku kwetu si ngeni kama inavyodhaniwa. Shule ya kimataifa ya Moshi, iliyofunguliwa 1969 na tangu 2019 ikiitwa UWC East Africa, ni miongoni mwa shule za kwanza Afrika kuifundisha, na Aga Khan Academy ya Mombasa nayo inaifundisha.

SWALI: *Naongoza sekondari ya binafsi. Bodi imeamua tuanze Diploma ya IB Julai ijayo, sambamba na kidato cha tano, na bango limeshachorwa getini. Walimu ninao, wote wana shahada. Nianze na nini?* (Mkuu wa shule, Mwanza)

JIBU: Mheshimiwa Mkuu, anza kwa kuliteremsha bango. Shule ambayo haijapata idhini hairuhusiwi kujitangaza kuwa ya IB wala kuandikisha mwanafunzi wa Diploma. Tangu bodi inapokaa kulifikiria wazo hadi darasa la kwanza kukaa, shule nyingi hutumia miaka miwili hadi mitatu. Kwanza shule inajipima yenyewe: fedha, majengo, walimu, na wazazi wangapi watamudu. Kisha inaomba kuwa shule mgombea. Ikikubaliwa inapangiwa mshauri wa kwenda naye kipindi chote hicho, na hapo ndipo inaweza kusema hadharani kwamba ni mgombea, kwa maneno yaliyoandikwa na IB yenyewe, bila kumwahidi mzazi kwamba idhini itatoka. Mwisho kinakuja kikosi cha ukaguzi. Kinakaa na walimu, wanafunzi na bodi, kinaingia maabara na maktaba, kinataka kuona mitihani itafungiwa wapi. Idhini ikitoka, tathmini hurudi kila miaka mitano. Na kabla ya yote hayo, fika Ofisi ya Kamishna wa Elimu kuhusu kibali cha mtaala wa nje, kwa sababu IB nayo itauliza uhalali wa shule.

Shahada za walimu ni mtaji mzuri, lakini kila mwalimu wa somo la Diploma lazima apitie warsha ya IB ya somo lake, na wewe Mkuu una yako. Ukiweza, peleka wawili kwa kila somo. Mwalimu aliyepata mafunzo haya hutafutwa na shule nyingine, na akiondoka katikati ya mwaka wa pili, wanafunzi ndio wanaobaki na kazi nusu. Mratibu wa Diploma asipewe vipindi kamili. Mpunguzie nusu, kwa kuwa usajili, upakiaji wa kazi na mawasiliano yote na IB humpitia yeye. Ada ya mwaka ya shule kwa IB inazidi dola 10,000 za Marekani, na kila mtahiniwa hulipiwa zaidi ya dola 100 kwa kila somo. Mhasibu aziweke gharama hizo kwenye hesabu kabla bodi haijapanga ada ya mzazi.

Kuna sera tano za kuandika: ya udahili, ya lugha, ya ujumuishi, ya upimaji na ya uadilifu wa kitaaluma. Msizinakili kwa wenzenu. Sera ya lugha iliyotungwa kwa ajili ya shule ya Ulaya itawaumbua siku mkaguzi atakapomuuliza mwalimu wenu wa Kiswahili inasema nini juu ya watoto wake.

Sasa ratiba. Hapa tunaomba ushike kalamu, maana shule nyingi mpya huteleza hapa. Mwanafunzi huchukua masomo sita: matatu ya kiwango cha juu, yaani HL, yenye saa 240 kila moja, na matatu ya kiwango cha kawaida, SL, yenye saa 150. Ongeza saa 100 za Nadharia ya Maarifa, ile wanayoiita TOK. Jumla ni saa 1,270. Mwaka wa kwanza una takriban wiki 36 za masomo. Wa pili una 28 tu, kwa sababu mitihani huanza mwishoni mwa Aprili. Ondoa wiki za moko, za mtihani wa mwisho wa mwaka na za sikukuu, unabaki na wiki kama 58. Gawanya: saa 22 kwa wiki, sawa na vipindi 33 vya dakika 40. Kwa vipindi nane kwa siku una 40, basi saba vinabaki kwa ajili ya usimamizi wa insha na shughuli nyingine. Ukilipatia somo la HL vipindi sita utapata saa 232, zinapungua nane. Lipe saba katika muhula mmoja wa mwaka wa kwanza na pengo litazibika. SL itoshelezwe na vinne, TOK na vitatu. Shule inayopachika Diploma juu ya ratiba iliyopo bila hesabu hii hujikuta Februari ya mwaka wa pili ikifundisha Jumamosi na usiku, huku watoto hao hao wakidaiwa kazi za kuandika.

Kalenda yenu yenyewe inawafaa. Kidato cha tano huanza Julai na mitihani mikuu ya IB ni ya Mei, hivyo hamhitaji kupindua mwaka wa shule. Shule inayofuata mwaka wa Januari hadi Disemba ingetazama msimu wa Novemba.

Kwa kundi la kwanza la wanafunzi 15 au 20, masomo kumi yanatosha. Kiingereza, Kiswahili, Kifaransa cha kuanzia mwanzo, historia au jiografia, uchumi, sayansi tatu, na kozi mbili za hisabati. Sanaa inaweza kungoja, maana kanuni inamruhusu mwanafunzi kuchukua sayansi au somo la jamii la pili badala yake. Waacheni wanafunzi wachague kwanza, ndipo mpange safu za ratiba. Mkizipanga mapema, kemia na uchumi vitakutana saa moja, na binti aliyevitaka vyote viwili atalazimika kuacha kimoja kwa sababu isiyohusiana naye hata kidogo.

TOK msimpe mwalimu kwa kuwa tu ana vipindi vitupu. Ndilo somo linalouliza tunajuaje kile tunachodai kujua, na upimaji wake ni insha isiyozidi maneno 1,600 pamoja na onyesho la vitu vitatu. Mwanafunzi anaweza kuleta kanga ya bibi yake na kueleza jinsi msemo ulioandikwa juu yake unavyobeba maarifa ambayo mvaaji hangeyatamka kwa mdomo. Akiongozwa na mtu asiyelipenda somo, ataleta simu yake na kuandika kwamba teknolojia ina faida na hasara.

Na jenereta. Mtihani wa lugha ya pili una sehemu ya kusikiliza sauti iliyorekodiwa. Jaribuni spika na jenereta katika chumba chenyewe cha mtihani, mkizima umeme makusudi, mwezi mmoja kabla.

SWALI: *Binti wa dada yangu alipata pointi 26. Tuliambiwa 24 ndiyo ya kufaulu, lakini hakupewa Diploma. Shule imekosea?* (Mama mkubwa, Dar es Salaam)

JIBU: Pole sana, Mama. Bila kuona karatasi yake hatuwezi kuhukumu, lakini jambo hili hutokea na shule ikawa haijakosea. Kila somo hupewa 1 hadi 7. Masomo sita yanafika 42, na TOK pamoja na insha ndefu ya utafiti huongeza hadi 3, ndiyo ile 45 inayosemwa. Jumla ya 24 ni sharti moja tu miongoni mwa mengi.

Tazama mfano huu. Mtoto ana 4, 4 na 3 katika masomo yake ya HL, na 5, 5 na 4 katika ya SL. Hiyo ni 25. TOK na insha zimempa moja, zimekuwa 26. Lakini sheria inataka masomo matatu ya HL yafike 12, na yake ni 11. Diploma imekwenda. Angebadilisha ile 3 ya HL kuwa 4, na hata kama angeshuka pointi mbili kule SL, angefaulu. Ndiyo maana tunawaambia walimu washauri: HL moja dhaifu ni hatari kuliko SL mbili dhaifu.

Masharti mengine ni haya: SL tatu zifike 9, pasiwe na somo lenye 1, zenye 2 zisizidi mbili, zenye 3 au chini zisizidi tatu, asipate E, daraja la chini kabisa, katika TOK wala katika insha ndefu, awe amekamilisha CAS, yaani shughuli za ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma, na asiwe amepatikana na udanganyifu. Chukua karatasi ya matokeo, kaa na mratibu, mlipitie sharti moja baada ya jingine. Aliyekosa Diploma bado hupewa cheti cha masomo aliyoyafanya, na vyuo vingine hukipokea.

Kuhusu kurudia: anaweza kufanya tena somo moja au mawili katika msimu wa Novemba au Mei unaofuata, na alama bora zaidi ndizo zitakazohesabiwa. Anaweza pia kuomba kusahihishwa upya, maombi hupitia shule na mwisho ni katikati ya Septemba kwa waliofanya Mei. Mjue kabla ya kutia saini kwamba alama iliyosahihishwa upya inaweza kushuka. Kwa mtoto aliye pointi chache za ndani, yaani zile kabla hazijageuzwa daraja la 1 hadi 7, chini ya mpaka wa daraja, inafaa. Mratibu anaziona pointi hizo, kwa hiyo mwombeni awaonyeshe.

SWALI: *Shikamooni. Nimemaliza kidato cha nne na nilitaka PCB ili niwe daktari. Nimepata nafasi katika shule ya IB itakayoanza Agosti. Naweza kusoma fizikia, kemia na biolojia zote? Na kwa hii miezi nisome nini, madesa ya A-level yatasaidia?* (Mwanafunzi, Moshi)

JIBU: Marahaba, mdogo wetu. Tatu zote, kwa kawaida, hapana. IB inakutaka uwe na lugha ya fasihi, lugha ya pili, somo la jamii, sayansi na hisabati. Hapo ni matano. La sita ni sanaa au la ziada, na ndilo litakalokupa sayansi ya pili. Sayansi ya tatu huruhusiwa kwa ombi maalumu, pale tu chuo unachokilenga kinapoidai. Kwa udaktari, chukua kemia na biolojia zote HL. Ungekuwa mtu wa PCM, fizikia, kemia na hisabati vinakaa vizuri. EGM na HGL navyo vinapangika bila shida.

Hisabati iangalie kwa macho mawili. Kuna kozi mbili. Ya kwanza, inayojulikana kama AA, ina aljebra na kalkulasi nyingi, na karatasi yake ya kwanza hufanywa bila kikokotoo. Ya pili, AI, inaegemea takwimu na matumizi, na kikokotoo kinatumika katika karatasi zote. AI ya SL inaonekana rahisi na wengi huikimbilia, kisha wanagundua kwamba vitivo vingi vya uhandisi na uchumi haviitaki. Fungua tovuti za vyuo vitatu unavyovipenda, usome wanadai hisabati gani, ndipo uchague. Ukikosea, badili ndani ya wiki sita za mwanzo. Baada ya hapo masomo yamekwenda mbali.

Madesa ya A-level yatakusaidia kwenye maudhui, hasa kemia. Hayatakusaidia kwenye kuandika, na huko ndiko wanafunzi wazuri wa kidato cha nne hukwama. Mtihani wa IB hukupa data usizowahi kuziona na kukuuliza unaamini nini kati ya hizo na kwa nini. Basi kwa miezi hii fanya mambo mawili. Kila wiki soma makala moja ndefu ya Kiingereza, uandike aya mbili: mwandishi anadai nini, na ushahidi wake una tundu wapi. Pili, jifunze kuchora grafu kwa kompyuta na kukokotoa wastani na mkengeuko sanifu (standard deviation). Shule ikisema ununue kikokotoo cha grafu, uliza kwanza modeli inayotumiwa na mwalimu. Texas Instruments TI-84 na Casio fx-CG50 zote zinakubalika, lakini mwenye tofauti na darasa zima hujifundisha mwenyewe vitufe.

SWALI: *Nafundisha biolojia katika shule iliyoanza Diploma mwaka jana. Wanafunzi wanaleta mada za utafiti pana kupita kiasi, na baadhi huleta maandishi ambayo nina hakika yametoka kwa programu ya akili bandia. Nawasaidia hadi wapi?* (Mwalimu, Mombasa)

JIBU: Mwalimu mwenzetu, kazi ya utafiti ya ndani, IA, ni asilimia 20 ya alama za biolojia, na ripoti yake haizidi maneno 3,000. Unaruhusiwa kushauri mada, kusoma rasimu moja na kuitolea maoni. Kuhariri sentensi zake huruhusiwi.

Upana wa mada hutibiwa kwa kumpeleka mtoto mezani. Chukua yule aliyeandika «Athari za chumvi kwa mimea». Mwambie aende soko la Kongowea anunue kunde, aina moja, gunia moja, muuzaji mmoja. Akichanganya magunia mawili, tofauti atakayoiona inaweza kuwa ya umri wa mbegu. Atengeneze mimumunyo mitano: 0, 50, 100, 150 na 200 milimoli kwa lita, ambayo ni gramu 2.92 za kloridi ya sodiamu kwa lita kwa kila 50. Atumie ya maabara, kwa kuwa ya mezani ina madini joto. Mbegu 20 kwa kisahani, visahani vitano kwa kila mmumunyo, jumla ni mbegu 500. Kabla ya kuanza aandike «kuota» ni nini: kwa mfano, mzizi uliofika milimita 2. Asipoandika, siku ya tatu atahesabu kwa huruma. Na avifunike visahani, kwa sababu kwa joto la Mombasa maji hukauka na chumvi inazidi kukolea bila yeye kujua. Afanye jaribio dogo la visahani vitano kwanza. Kama kunde zimeota sawasawa zote, aongeze ukolezi. Sasa ana swali: ukolezi wa chumvi kati ya 0 na 200 unabadilisha vipi asilimia ya kunde zinazoota kwa saa 72? Hapo ana kazi ya kuandika, na kosa lolote litakalotokea atakuwa na la kulieleza.

Kazi kama hiyo ndiyo kinga yako kubwa dhidi ya maandishi ya mashine. Aliyehesabu mbegu 500 ana daftari lenye tarehe, alama za maji na picha za visahani. IB haijapiga marufuku programu za akili bandia, bali inadai maneno au picha zilizotoka huko zitajwe kama chanzo kingine chochote, na kuwasilisha kazi ya mashine kama yako ni udanganyifu unaoweza kumnyima mtu Diploma nzima. Ukimshuku mtoto, mkalishe umuulize dakika kumi juu ya kazi yake. Ukiwa bado huna imani, usitie saini ya uhalisi. Saini yako ni ushahidi, na ni haki yako kuikataa.

Usahihishaji wako nao hupimwa. Unatoa alama, IB inachukua sampuli, msimamizi wao anazisoma. Ukiwa umewabeba, alama za darasa zima hushushwa, pamoja na za yule aliyestahili. Kaeni walimu wawili msahihishe ripoti tatu kila mmoja peke yake, mlinganishe, ndipo muendelee na nyingine.

Insha ndefu nayo, maneno 4,000 ya juu, hufuata njia ile ile, na mwanafunzi hukutana na msimamizi wake rasmi mara tatu. Mwalimu mmoja asipewe zaidi ya watano, kwa kuwa kila mmoja anahitaji saa tatu hadi tano. Kwa wanaofanya mtihani wa Mei, insha ndefu na insha ya TOK hupakiwa kabla ya tarehe 15 Machi, na IA kabla ya 20 Aprili. Rudi nyuma kutoka hapo. Rasimu ya kwanza ya insha ndefu iwe mezani Septemba ya mwaka wa pili, na IA za masomo sita zigawanywe kati ya Oktoba na Januari, kila moja wiki yake. Mkiachia kila mwalimu apange mwenyewe, zote sita zitaangukia wiki za moko.

SWALI: *Tunaishi Maskati, asili yetu Unguja. Nyumbani tunazungumza Kiswahili, binti yetu anasoma IB kwa Kiingereza. Shule haina mwalimu wa Kiswahili. Kuna namna?* (Baba, Oman)

JIBU: Ipo, Sheikh, na tunafurahi umeuliza. IB ina fasihi ya lugha ya kwanza inayosomwa kwa kujitegemea chini ya usimamizi wa shule, kwa SL pekee. Kiswahili kimo. Binti atasoma kazi 9 za fasihi na kufanya karatasi mbili: kuchambua kifungu asichokijua, na kulinganisha kazi mbili alizosoma. Kuna pia mazungumzo ya mdomo, yanayorekodiwa na kupelekwa kwa watahini wa IB. Akipata 3 au zaidi katika Kiswahili na katika Kiingereza, zote zikiwa lugha za fasihi, hupewa Diploma ya lugha mbili.

Ugumu upo, na ni huu. Kiswahili cha sebuleni kinamwezesha kucheka na bibi. Hakimpi msamiati wa kuzungumzia taswira, mizani ya shairi au nafsi ya msimulizi. Mtafutieni mwalimu wa fasihi wa Zanzibar au Bara, saa mbili kwa wiki kwa njia ya video, na aandike insha moja kila wiki mbili kwa mkono. Mratibu aulizwe sasa, kabla masomo hayajaanza, ili athibitishe Kiswahili katika msimu wenu na kupitisha orodha ya kazi atakazosoma.

Msikubali jambo moja: kuandikishwa Kiswahili cha wanaoanza. Kozi hiyo ni ya asiyeijua lugha kabisa, na kumweka humo mtoto anayeizungumza nyumbani ni kinyume cha kanuni.

SWALI: *Shule ya mwanangu iliwapeleka siku moja kituo cha watoto yatima, wakagawa sabuni na kupiga picha. Wanasema ndiyo CAS. Ni sahihi?* (Mzazi, Arusha)

JIBU: Kwa siku moja, haitoshi. CAS ni ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma, kwa miezi isiyopungua 18, na ndani yake lazima uwemo mradi mmoja wa kushirikiana wa mwezi mmoja au zaidi. Haipewi alama, lakini asiyeikamilisha hana Diploma. Huduma inatakiwa ijibu haja ambayo wenyeji wameitaja wao. Waende kituoni bila kamera, wamuulize mlezi nini kinakosekana. Akisema watoto wa darasa la nne hawasomi vizuri, basi wanne kati ya hao vijana waende kila Jumatano kwa muhula mmoja kusoma nao. Kila mmoja aandike baada ya kila ziara alichokosea na atakachobadilisha. Na picha za watoto zisitumwe popote bila idhini ya kituo.

SWALI: *Vyuo vikuu vinaitambua? Na asiye na uwezo wa ada afanyeje?* (Msomaji, Tanga)

JIBU: Vinaitambua. Kwa chuo cha Tanzania, peleka matokeo NECTA upate ulinganifu, kisha ndipo uombe udahili kwa kufuata miongozo ya TCU. Matokeo ya Mei hutoka mwanzoni mwa Julai, kwa hiyo vitambulisho na nakala za cheti cha kidato cha nne viwe tayari Juni, ili dirisha la maombi lisifungwe ukisubiri karatasi. Uingereza vyuo vingi hutaja jumla ya pointi pamoja na alama za HL, na Marekani vingi humpunguzia mwanafunzi baadhi ya masomo ya mwaka wa kwanza akiwa na 5 au zaidi katika HL.

Ada ni kubwa, hatuwezi kuficha. Lakini vyuo vya UWC, mtandao wa shule za kimataifa, kikiwemo cha Moshi na Arusha, hupokea wanafunzi kupitia kamati za kitaifa zinazotazama uwezo wa kijana na kugawa misaada kwa kadiri ya hali ya familia, na Aga Khan Academy nayo ina utaratibu wa msaada kwa wenye uhitaji. Maombi hufanyika karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza, kwa hiyo aliye kidato cha nne sasa aulize muhula huu.